Saa Yenye Namba Mgongoni

Saa zangu zilikuwa kumi na nne, na zote nilizipata kwa mikono yangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kuna siku watu waliingia sebuleni kwangu na karatasi iliyoandikwa "saa za marehemu", na marehemu huyo ni mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kununua saa hata moja maishani mwake. Hapa Kolwezi ukitaja saa, watu wanamwaza mwanaume. Tulizoeshwa hivyo tangu kwenye kambi za wafanyakazi: mwanaume anafanya kazi miaka mingi, siku moja anaitwa mbele ya wenzake, anapewa saa iliyochorwa namba yake ya kazi mgongoni, anapigwa picha. Mkewe anapewa kitenge. Kwa hiyo mke akionekana na kisanduku kilichojaa saa, basi huyo anamtunzia bwana wake.

Mimi nilikuwa mwuguzi. Nilianzia kwenye dispansari ya Mutshatsha nikiwa msichana, nikamalizia hapa mjini kwenye wodi ya wazazi, na katika miaka hiyo yote nilikusanya saa kama wenzangu walivyokusanya sahani za maua. Nyingine nilinunua, nyingine nilipewa na watu waliopona, nyingine zilikuja kwangu zimekufa kabisa zikafufukia mezani pangu. Kuzifungua nilijifunza mwenyewe. Kibanio changu kilitoka hospitali, na mafuta ya cherehani niliyatia kwa ncha ya sindano, tone moja tu, pumzi nimeibana. Zilikaa ndani ya kisanduku cha chuma ambacho zamani tulichemshia sindano, juu ya pamba, na kila Jumapili kabla ya misa nilizitia ufunguo. Mume wangu alikaa pembeni na chai yake akinitania kwamba tuna watoto kumi na sita, wawili wanakula na kumi na nne wanapiga kelele.

Yeye alifanya kazi Nzilo, kwenye bwawa la umeme, kwa zamu. Kazi yake ilikuwa kukaa na mashine na kuandika kila saa mita zinasema nini. Alikuwa mzaliwa wa kwanza katika familia ya watu wa kaskazini, na wa kwanza wao kupata kazi huku kwenye shaba, kwa hiyo mshahara wake ulikuwa wa wote. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Niliolewa naye nikijua.

Alipofariki, baada ya ugonjwa wa wiki tatu, ndugu zake walikuja, tukalia, tukazika. Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, mdogo wake, yaani shemeji yangu, aliniarifu kwamba kesho yake familia ingekaa kugawana vitu vya marehemu. Shemeji huyu ndiye msomi wa ukoo. Alisomea Lubumbashi, akawa injinia, ana gari, na ana tabia ya kuongea na wewe huku macho yake yako kwenye simu. Alinionyesha karatasi yake. Ilikuwa na pikipiki, redio, suti mbili, koti la mvua, na mstari wa mwisho ulisema saa za marehemu, kisanduku kimoja.

Binti yangu mkubwa alitaka akichukue kisanduku jioni ile ile akakifiche kwake. Akasema pia kwamba sheria iko upande wa mjane, twende kwa wakili. Nilikataa yote mawili. Anayeficha ni mwizi, na mimi sikuiba. Wakili naye hajui saa ipi ilitoka wapi, wala hawezi kujua, ninayejua ni mimi. Vitu vingine wachukue, nikamwambia, suti sitazivaa na pikipiki siiwezi. Lakini saa haitatoka hata moja. Nilijiapia hivyo nikiwa nafua mapazia ya sebule, maana nilitaka wanikute nyumba ni safi na mimi mwenyewe niko sawasawa.

Walikaa baada ya chai ya asubuhi. Mwenye kikao alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee aliyewahi kuwa katekista, mtu wa polepole na wa haki, anayesikiliza amefumba macho hadi unadhani amelala. Kando yake alikaa shemeji na karatasi yake. Mama mkwe wangu alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, kilemba cheupe kichwani, mikono mapajani. Hakusema neno tangu salamu. Pikipiki, redio na nguo vilikwisha upesi. Ilipofika zamu ya saa nilikwenda chumbani, nikaleta kisanduku mwenyewe, nikakiweka mezani, nikafungua kifuniko na kubaki nimesimama.

Niliwaambia kwamba sibishani na mtu. Nitazishika moja moja na kusema kila moja ilitoka wapi, na mwenye kujua habari nyingine aseme mbele ya wote. Shemeji alisema hatuna siku nzima ya kupoteza kwa saa. Mzee, bila kufumbua macho, alisema yeye anayo.

Nikaanza na saa ndogo ya kifuani, ile ya wauguzi, ambayo inaning'inia kwa pini na uso wake umegeuzwa juu chini ili anayeivaa aisome kwa kuinamisha kichwa. Mtawa aliyenifundisha kazi kule Mutshatsha aliitoa kifuani mwake akanibandika mimi, siku alipokuwa akirudi kwao. Kwa saa hiyo niliandika muda wa kuzaliwa wa watu ambao leo wana watoto wao wenyewe. Shemeji aliigeuza huku na huku, akauliza ni saa gani hii inayovaliwa kichwa chini, labda kaka yake aliokota kwa Wazungu wa Nzilo. Nikamwomba mkono wake. Aliutoa bila kufikiri, maana watu wote huutoa mbele ya mwuguzi. Nikaweka vidole viwili kwenye mshipa, macho kwenye saa, nikahesabu dakika nzima. Kisha nikamwambia moyo wake unakwenda mbio kuliko inavyomfaa mtu aliyekaa kitini. Mzee alicheka hadi akakohoa, na saa hiyo haikubishaniwa tena.

Ya pili ni ya mfukoni, nzito, yenye mnyororo. Niliipata Dilolo nilipotumwa huko miezi mitatu wakati wa surua. Binti wa mzee mmoja mstaafu wa reli alijifungua mapacha mikononi mwangu, wa pili akitanguliza miguu, na wote wawili walilia. Yule babu alinifuata hadi dispansari akafungua saa yake kwenye mnyororo, kisha akaona haya akaniachia na mnyororo. Dilolo ukivuka mpaka kuingia Angola unarudi nyuma saa nzima, na wachuuzi wa pale wanaishi na nyakati mbili kichwani bila kuchanganya. Mstaafu yule alikuwa ameiweka saa yake kwa wakati wa ng'ambo kwa sababu alizoea kungoja treni za kutoka huko, ingawa zilikuwa zimeacha kuja miaka mingi. Mimi sijawahi kuirekebisha. Shemeji aliilinganisha na simu yake, akatangaza kwamba ni mbovu. Nilimjibu kwamba si mbovu, iko Angola.

Ya tatu ilikuwa ya mama yangu mzazi, ndogo, rangi ya dhahabu iliyobanduka. Mama aliivaa kanisani na sokoni, na mtu akimwuliza ni saa ngapi aliitazama kwa makini, kisha akatupa jicho juani, akajibu. Hakukosea sana. Nilipoifungua baada ya kumzika nilikuta ndani ni tupu, mashine ilishatolewa zamani, na hadi leo sijui kama alidanganywa alipoinunua au aliuza mashine mwenyewe akabaki na gamba. Nililia na kucheka kwa pamoja siku ile. Niliwaonyesha ule utupu, nao wakageuza macho pembeni. Hakuna aliyetaka kubishania saa isiyo na kitu ndani, lakini mimi ningeipigania hiyo kuliko zenye kung'aa.

Ya nne nilisema wazi kwamba si yangu hata mimi. Jirani yangu wa zamani, mama wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, aliniachia mwaka ule wenzetu wa Kasai walipofukuzwa majumbani na kulala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni. Nilikuwa nakwenda pale na maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya watoto walioharisha, na watu wa mtaa wetu wengine waliacha kunisalimia kwa sababu hiyo. Sikuacha kwenda. Siku treni ilipopatikana alinishikisha saa ya mumewe, ya kazini, akasema nimtunzie, atakuja kuichukua. Shemeji alisoma namba ya mgongoni akaona si ya kaka yake. Niliwauliza, wakiibeba hii, nani atamjibu yule mama siku atakaposimama mlangoni. Mzee alifumbua macho kwa mara ya kwanza na kusema irudi kisandukuni. Habari za mwaka ule hakuna anayependa kuzikalia sebuleni.

Tukaenda hivyo. Kulikuwa na ya mchimbaji aliyefukuliwa mzima kutoka shimoni, aliyenipa baada ya kumtibu mguu, na hadi leo chini ya kioo kuna vumbi la kijani la shaba ambalo sikutaka kulisafisha. Kulikuwa na ya plastiki inayopiga wimbo, zawadi ya binti yangu mdogo kwa mshahara wake wa kwanza. Kufikia ya kumi na tatu shemeji alikuwa ameikunja karatasi yake na kuitia mfukoni, na mimi nilianza kupumua. Nilijiona nimeshinda.

Ya kumi na nne hakusubiri niishike. Aliitoa mwenyewe, akaigeuza, akasoma namba kwa sauti. Hakuhitaji kuisoma, kwa kweli, familia nzima iliijua kichwani. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi za hospitali, kwenye gunia la unga la kila mwezi, kwenye fomu za shule za watoto wote waliopita nyumbani kwetu, na yeye akiwa mmoja wao.

"Hii ni ya yaya," akasema, yaani kaka yake. "Numero yake iko hapa. Hii nayo mulamu ulinunua?" Mulamu, yaani shemeji, ndiye mimi.

Ndiyo, niliinunua. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na sikuweza kulitoa. Sharti nieleze kwa nini.

Mume wangu alipewa saa ile na kampani, mbele ya wenzake, kama desturi. Aliivaa msimu mmoja tu wa mvua. Mdogo wake wakati huo alikuwa mwaka wa pili Lubumbashi, na barua ikaja kwamba asipolipa hataingia kwenye mitihani. Ilikuwa miaka ile mishahara inachelewa hadi mtu unasahau ulikuwa unangoja wa mwezi gani. Mume wangu hakuniuliza. Alitoka asubuhi na saa, akarudi mchana mkono mtupu, na alama nyeupe ya mkanda ikionekana kwenye ngozi. Pesa alimpa mama yake aliyekuwa anasafiri kwenda Lubumbashi, azifikishe. Nilipomtazama ule mkono alinivuta hadi nyuma ya nyumba.

"Mutoto asijue," akaniambia. "Akijua ataacha masomo, miye namujua."

Nikaahidi. Kazini alitumia saa ya ukutani, na mtu akimwuliza iko wapi saa yake, alisema iko kabatini, ni ya siku kubwa. Mimi niliona haya kwa niaba yake na nilikasirika pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Baada ya miaka mitatu nilitumwa Mutshatsha kwa chanjo. Pale stesheni palikuwa na mtu anapakia magunia ya makaa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na kwenye mkono mmoja kulikuwa na saa. Niliitambua kabla hajaigeuza. Nilimwomba nione mgongo wa saa, nikaona namba, nikamwambia taja unachotaka. Pesa hakutaka, kwa jinsi zilivyokuwa zikioza siku hizo. Alitaka baiskeli yangu, niliyoisimamisha pale ukutani, mpya, niliyoitafuta kwa miaka. Nilimpa na pampu. Nilirudi Kolwezi na treni ya mizigo, nimekaa juu ya magunia, saa nimeifunga kwenye leso ndani ya blauzi, na kwa miaka miwili baada ya hapo nilikwenda kazini kwa miguu.

Nilidhani atafurahi. Alinawa mikono kwanza, akaishika, akaigeuza, akaitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Miye nilishaitosha," akasema, maana yake alikwisha kuitoa. "Sasa ni yako. Weka na benzake."

Hakuivaa tena hadi anakufa. Siku ile nilimkasirikia, maana miguu ilikuwa yangu. Baadaye nilimwelewa: kitu alichokuwa amekitoa kwa ajili ya mdogo wake alitaka kibaki kimetolewa. Shemeji alipohitimu nilimwuliza mume wangu kama sasa tunaweza kumwambia. Alisema ya nini sasa. Sikuuliza tena. Na katika saa zangu zote kumi na nne hiyo ndiyo niliyoipenda kupita kiasi, kwa sababu ndani yake nilimwona mwanaume niliyeolewa naye, na baiskeli yangu pia.

Basi nilisimama pale sebuleni na maneno sita yangetosha. Aliiuza kwa ajili ya masomo yako. Ningeyasema, saa ingerudi kisandukuni na injinia angeinamisha kichwa mbele ya mzee wake na mama yake mzazi. Sitajifanya mtakatifu. Ulimi uliniwasha. Ile kejeli yake ya "hii nayo ulinunua" ilinichoma, na nilimtazama usoni nikipima kama ataanguka vizuri. Kisha nikamwona akilini mume wangu nyuma ya nyumba, mkono mtupu, akiniambia mutoto asijue. Mdogo wake alikuwa na mvi sasa, hata hivyo kwa kaka yake alikuwa bado ni mtoto, na ahadi niliyotoa haikuwa na mwisho ulioandikwa.

Mzee alifumbua macho akaniuliza yeye mwenyewe. "Mama, hii ni ya nani?"

"Ni yake," nikasema. "Njo ile balimupatia ku kazi."

Mzee akaamua hapo hapo: kumi na tatu zibaki kwa mama wa nyumba, hakuna mtu kuziuliza tena, na hiyo moja iende kwa familia. Shemeji aliivaa papo hapo akauinua mkono kwenye mwanga wa dirisha. Nilifunga kifuniko cha kisanduku nikawashukuru kwa kuja. Nilikuwa nimejiapia kwamba haitatoka hata moja, na imetoka moja, na mimi ndiye niliyeitoa. Nilichagua mwenyewe, najua, lakini kuchagua hakukunipunguzia maumivu hata kidogo.

Walipokuwa wanapakia vitu, mama mkwe alinifuata jikoni. Alishika mlango, akangoja binti yangu atoke na sahani.

"Miye najua ile feza ilitokaka wapi," akasema. "Njo miye nilipelekea mutoto."

Sikuamini masikio yangu. Nilimwuliza kwa nini basi alinyamaza pale mkekani, wakati neno lake moja lingemaliza kila kitu na mimi ningebaki na saa yangu.

"Na weye ulinyamaza," akasema.

Akatoka, akaingia garini. Nilibaki nimeshika kitambaa cha vyombo, hasira imenipanda hadi masikioni. Yeye alimlinda mtoto wake aliyebaki, na mimi nilimlinda aliyekufa. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba tulifanya kazi moja. Kumsamehe ilichukua muda mrefu zaidi, na sina hakika kama nimemaliza.

Maisha yaliendelea. Nilizitia ufunguo zilizobaki kila Jumapili, na binti yangu aliponiambia nipeleke habari ile kwa wakili bado hatujachelewa, nilimwambia afunge mdomo, chakula kinapoa. Shemeji nilimwona kwenye harusi mbili, saa mkononi, akiwaambia watu ni ya marehemu kaka yake, wa Nzilo. Mara ya kwanza nilikwenda kukaa meza nyingine. Mara ya pili nilikaa pale pale, nikala.

Kiangazi cha mwaka uliofuata alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, peke yake. Saa ilikuwa imekufa. Alikuwa ameipeleka kwa mafundi wawili, na wa pili alimshauri aitupe mashine atie ya betri. Alisimama na saa kwenye bahasha, bila kujua aanzie wapi kuniomba. Nilimwonea huruma nikaichukua bila maneno. Ilikuwa imejaa vumbi tu, lile vumbi laini la migodini linaloingia hata kwenye mayai. Ningeweza kuimaliza siku moja. Nilimwambia arudi baada ya wiki, na wiki hiyo nilikula nayo, nikafua nayo, nikalala nayo chini ya mto. Ilikuwa haki yangu na sikumwomba mtu ruhusa.

Aliporudi nilimkabidhi ikitembea. Aliivaa lakini hakuondoka. Simu yake aliiacha mfukoni. Nilimwekea chai, akaikoroga bila kuinywa, kisha akaanza kuongea habari za likizo yake ya chuo, akitazama meza.

"Mulamu, ile mwaka nilikuyaka vakansi, yaya alikuwa ananiulizaka ni saa ngapi. Kila siku. Miye nilikuwa na kale ka saa ka plastiki, nilikuwa namuchekaka. Nilimuambia, weye mutu wa kampani, unakosa saa?" Akaigusa saa mkononi. "Alinijibu, iko mu kabati. Hii saa ilikuwa mu kabati?"

Nilishika kikombe changu nikatazama ukutani, na nilikuwa tayari kutazama ukuta huo hadi jua lizame. Lakini yeye ni mtu wa hesabu. Nilimwona akirudi nyuma mwaka kwa mwaka, kidole kikigusa meza, hadi kidole kikasimama. Alikuwa amefika kwenye mwaka wa pili, kwenye barua ya mitihani, kwenye pesa zilizofika na mama yake bila mtu kusema zimetoka wapi. Uso wake ulibadilika, ukawa ule wa kijana aliyekuja kwetu zamani na sanduku la mbao.

Alifungua mkanda, akaiweka saa mezani, akaisukuma taratibu hadi mbele yangu. Akasema irudi kisandukuni, akasema yeye hawezi kukivaa tena kitu kile, akasema na mengine ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu alikuwa analia.

Niliitazama. Ilikuwa mbele yangu, karibu na mkono wangu, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu kwa kuichukua. Niliitaka. Niliisukuma ikarudi kwake.

"Yaya yako alikupatiaka hii saa zamani," nikamwambia. "Weye njo haukuiona. Vala."

Alijaribu kuufunga mkanda, vidole vikamshinda. Nikaamka, nikazunguka meza, nikamfungia.